Kutafuta Hitilafu za JavaScript Ndani ya Fremu: Swali la Mahali Kabla ya Swali la Kosa

Hitilafu ya JavaScript inayotokea ndani ya fremu iliyopachikwa katika ukurasa wa wavuti huwasumbua wasanidi programu kwa namna ya pekee, kwa sababu dalili zake huonekana mahali pamoja ilhali chanzo chake kimo mahali pengine. Kigeu kilichotangazwa bayana katika msimbo huripotiwa na konsoli kuwa hakipo. Alama iliyowekwa ili kusimamisha programu haisimamishi chochote. Kitufe kinachofanya kazi vizuri ukurasa unapofunguliwa peke yake huwa hakiitikii pindi ukurasa huo unapopachikwa ndani ya mwingine. Mara nyingi, katika hali za namna hii, mantiki ya msimbo haina kasoro yoyote, na kilichopotoka ni dhana ya msanidi kuhusu mahali msimbo huo unapotekelezwa. Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza utaratibu wa kufuatwa: kabla ya kuuliza msimbo umekosea nini, msanidi aulize kwanza umo katika hati ipi, una mamlaka gani juu ya hati nyingine, ulianza kutekelezwa lini, na unazungumzaje na majirani zake. Zana za wasanidi zilizomo katika vivinjari vya leo zinaweza kuyajibu maswali hayo yote, ilmradi mtumiaji ajue kuzielekeza panapostahili.

Fremu ni hati kamili

Katika lugha ya HTML, fremu ni elementi iitwayo `iframe`, ambayo kazi yake ni kuonyesha hati nzima ya wavuti ndani ya hati nyingine. Elementi hiyo iliingia katika viwango rasmi kupitia HTML 4.0, iliyotolewa na shirika la W3C mwezi Desemba 1997, na ingawa fremu za kale zilizoligawa dirisha zima kwa elementi ya `frameset` ziliachwa katika HTML5, `iframe` ilibaki na matumizi yake yakazidi kupanuka. Ramani zinazoonekana katika tovuti za hoteli, video zinazochezwa ndani ya kurasa za magazeti, fomu za malipo ya kadi na matangazo ya biashara hupachikwa kwa njia hiyo. Viwanja vya kujaribia msimbo kama CodePen na JSFiddle navyo huitumia, kwa kuwa humruhusu mtumiaji kutekeleza msimbo wake bila kuuharibu ukurasa unaouzunguka.

Jambo la msingi ambalo mtafuta hitilafu hapaswi kulisahau ni kwamba kila fremu ina kitu chake cha `window`, hati yake ya `document`, anwani yake, na nakala yake ya vitu vyote vya asili vya JavaScript, kama vile `Array`, `Object`, `Date` na `Error`. Ukurasa wenye fremu unafanana na nyumba ya kupanga, ambamo paa ni moja na mlango wa nje ni mmoja, lakini kila chumba kina kufuli lake na vyombo vyake, na anayetafuta sufuria ya mpangaji mmoja katika chumba cha mwingine hataipata hata akishinda humo kutwa. Kigeu cha jumla kilichotangazwa katika fremu ni mali ya `window` ya fremu hiyo, si ya ukurasa mwenyeji, yaani ukurasa ulioipachika.

Utengano huo huzaa hitilafu ambazo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kukiuka kanuni za lugha yenyewe. Safu iliyoundwa katika fremu na kukabidhiwa ukurasa mwenyeji, ikipimwa kwa opereta ya `instanceof Array`, hutoa jibu la uongo, kwa kuwa `Array` ya mwenyeji si ile iliyoiunda safu hiyo. Dawa yake ni fanksheni ya `Array.isArray`, iliyoingizwa katika toleo la tano la kiwango cha ECMAScript mwaka 2009, ambayo huitambua safu bila kujali ilizaliwa katika fremu ipi. Vivyo hivyo, kosa lisiloshughulikiwa ndani ya fremu halimfikii msikilizaji wa `window.onerror` aliyewekwa katika ukurasa mwenyeji. Anayetaka kuyakusanya makosa ya fremu hana budi kuweka wasikilizaji wa matukio ya `error` na `unhandledrejection` ndani ya fremu yenyewe.

Mahali: konsoli inaelekezwa wapi

Konsoli ni sehemu ya zana za wasanidi ambapo ujumbe wa programu huonekana na ambapo msanidi anaweza kuandika amri za JavaScript zikatekelezwa papo hapo. Amri hizo hutekelezwa katika kile kinachoitwa muktadha wa utekelezaji, yaani `window` mahususi pamoja na vigeu vyake, na zana zinapofunguliwa, muktadha unaochaguliwa kwa kawaida ni ule wa ukurasa wa juu kabisa. Hapa ndipo wasanidi wengi wanapopotea, kwa kuwa wao huuliza konsoli habari za kigeu cha fremu huku konsoli ikimjibu mwulizaji kwa niaba ya ukurasa mwenyeji, na jibu lake, kwamba kigeu hicho hakijatangazwa, ni sahihi kabisa kwa muktadha ule.

Katika Chrome, na katika vivinjari vingine vilivyojengwa juu ya Chromium kama vile Edge, juu ya konsoli kuna menyu ndogo ambayo mwanzoni huonyesha neno `top`. Menyu hiyo ikifunguliwa huorodhesha miktadha yote iliyomo katika ukurasa, zikiwemo fremu, wafanyakazi wa usuli na msimbo wa viendelezi vya kivinjari, na mshale wa kipanya ukipitishwa juu ya jina la fremu, sehemu ya ukurasa inayohusika huangazwa ili isichanganywe na nyingine. Njia ya pili, ambayo aghalabu ni ya haraka zaidi, ni kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya elementi iliyomo ndani ya fremu na kuchagua kuikagua, kwani kwa kufanya hivyo konsoli huhamia yenyewe katika muktadha wa fremu hiyo. Firefox ina kitufe katika upau wa zana ambacho huorodhesha fremu zote na, fremu moja ikichaguliwa, huzielekeza zana zote kwa hati ya fremu hiyo. Safari nayo ina kichaguzi cha muktadha karibu na mstari wa kuandikia amri. Wazo lenyewe si geni: Firebug, nyongeza ya Firefox iliyobuniwa na Joe Hewitt mwaka 2006, ilikuwa na amri ya `cd()` iliyoihamisha konsoli kutoka `window` moja hadi nyingine.

Kwa vyovyote vile, haifai kuiamini menyu peke yake bila kuithibitisha. Kila mara muktadha unapobadilishwa, msanidi aandike `location.href` na kusoma anwani inayorudi, kisha aandike `window === window.top`, ambayo hutoa jibu la kweli katika ukurasa wa juu na la uongo katika fremu yoyote. Amri hizi mbili fupi huondoa shaka ambayo ingeweza kupoteza asubuhi nzima. Aidha, mipangilio ya konsoli ya Chrome ina kisanduku cha kuonyesha ujumbe wa muktadha uliochaguliwa pekee. Kisanduku hicho ni msaada mkubwa katika ukurasa wenye matangazo mengi yanayoandika ujumbe ovyo, lakini kikisahauliwa kikiwa kimewashwa, huficha kosa lile lile linalotafutwa, na kwa hiyo konsoli iliyo tupu isichukuliwe kuwa ushahidi kwamba hakuna kosa mpaka hali ya kisanduku hicho ikaguliwe.

Mamlaka: mpaka wa asili

Baada ya kujua mahali, swali linalofuata ni la mamlaka. Kivinjari huipa kila hati asili yake, na asili hiyo huundwa na mambo matatu: itifaki, jina la mwenyeji na namba ya poti. Hati mbili zenye mambo hayo matatu sawasawa huhesabiwa kuwa za asili moja na msimbo wa moja unaweza kuisoma na kuibadilisha nyingine. Zikitofautiana katika jambo hata moja, sera ya asili moja, ambayo chimbuko lake ni kivinjari cha Netscape Navigator katika miaka ya mwanzo ya JavaScript, huuzuia msimbo wa upande mmoja kugusa yaliyomo katika upande wa pili. Kwa mujibu wa sera hiyo, anwani inayoanza na `http` na ile inayoanza na `https` ni asili mbili tofauti, na tovuti yenye `www` mbele si asili moja na ile isiyo nayo.

Mpaka huu hujitokeza kwa sura mbalimbali, na ni muhimu kuzitambua. Sifa ya `contentDocument` ya fremu yenye asili tofauti hurudisha `null`. Jaribio la kusoma `contentWindow.document` hurusha kosa la aina ya `SecurityError`. Na hati ya msimbo iliyopakiwa kutoka asili nyingine bila ruhusa ya kushirikishwa huripoti makosa yake kwa msikilizaji wa `onerror` kwa maneno mawili tu, `Script error`, pasipo kutaja mstari wala jina la faili. Msanidi anayekutana na dalili hizi asitafute kosa la tahajia katika msimbo wake. Asome asili ya pande zote mbili kwa `location.origin` na kuzilinganisha herufi kwa herufi.

Hapa kuna tofauti ambayo huwaokoa wengi ikieleweka, nayo ni kwamba sera ya asili moja huufunga msimbo wa ukurasa lakini haimfungi mtu anayetumia zana za wasanidi. Ukurasa mwenyeji hauwezi kusoma vigeu vya fremu ya asili nyingine, lakini msanidi anaweza kuihamisha konsoli yake ndani ya fremu hiyo, akasoma vigeu vyake, akakagua elementi zake na kuusimamisha msimbo wake. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuzima ulinzi wa kivinjari kwa chaguo za kuanzishia, ushauri ambao husambazwa mara kwa mara na ambao una madhara mawili: humwacha mtumiaji bila kinga anapotembelea tovuti nyingine, na huunda mazingira ya uongo ambamo hitilafu hutoweka kwa msanidi huku ikibaki kwa kila mtumiaji wa kweli.

Mpaka huo uliimarishwa zaidi baada ya udhaifu wa vichakataji uitwao Spectre kutangazwa mwezi Januari 2018. Mwaka huo huo Chrome, katika toleo la 67, ilianza kuzitenga tovuti tofauti katika michakato tofauti ya kompyuta, na Firefox ikaanza kufanya hivyo kwa watumiaji wake wa kompyuta mwaka 2021. Kwa mtafuta hitilafu, utengano huo una athari ya moja kwa moja, kwamba msimbo wa fremu ya tovuti nyingine ukisimamishwa, msimbo wa ukurasa mwenyeji unaweza kuendelea kutekelezwa. Mwenyeji aliyepanga kusubiri jibu kwa sekunde chache tu atachoka kusubiri na kutangaza kosa, nalo kosa hilo limesababishwa na uchunguzi wenyewe.

Wakati: kusimamisha msimbo kabla haujapita

Nukta ya kusitisha ni alama inayowekwa juu ya mstari wa msimbo ili programu ifikapo hapo isimame, na msanidi apate kusoma thamani za vigeu na mfululizo wa fanksheni zilizoitana hadi kufika hapo. Katika paneli ya Sources ya Chrome faili hupangwa kwa mti ambao kilele chake ni `top`, na kila fremu ni tawi linalojitegemea lenye asili yake na faili zake. Faili yenye jina la `app.js` inaweza kuwepo katika ukurasa mwenyeji na pia katika fremu, na nukta iliyowekwa katika ile isiyohusika haitasimamisha chochote. Kwa hiyo faili ifunguliwe kutoka katika tawi la fremu yake, badala ya kutafutwa kwa jina na kuchukuliwa ile ya kwanza inayojitokeza. Programu inaposimama, konsoli huhamia yenyewe katika muktadha wa mahali iliposimama, jambo linalofanya nukta ya kusitisha kuwa pia njia ya uhakika ya kuingia ndani ya fremu.

Ugumu hutokea pale fremu inapoundwa na msimbo, ikaishi kwa muda mfupi, kisha ikaondolewa, kwa kuwa msanidi hapati nafasi ya kuifungua faili yake. Iwapo msimbo wa fremu uko mikononi mwake, neno `debugger` likiandikwa kama mstari wa kujitegemea huisimamisha programu mahali hapo kila wakati zana zikiwa zimefunguliwa. Iwapo msimbo huundwa papo kwa papo, kama ilivyo katika fremu zinazojazwa kwa sifa ya `srcdoc` au katika msimbo unaotekelezwa kwa `eval`, maoni ya mwisho yaliyoandikwa kwa muundo wa `//# sourceURL=jaribio.js` huupa msimbo huo jina linaloonekana katika orodha ya faili, na hivyo huweza kutafutwa na kuwekewa nukta kama faili nyingine yoyote. Ikiwa nukta bado haisimamishi, inafaa kukagua kama faili hiyo imo katika orodha ya misimbo ambayo zana zimeagizwa kuipuuza.

Chanzo kingine cha hitilafu za wakati ni mpangilio wa kuzaliwa kwa fremu. Elementi ya `iframe` inapoingizwa katika ukurasa, kwanza hupewa hati tupu ya `about:blank`, kisha hati hiyo hubadilishwa na ile iliyokusudiwa baada ya kupakiwa kutoka kwenye seva. Msimbo wa mwenyeji unaoharakisha kuweka wasikilizaji wa matukio katika `contentDocument` mara tu baada ya kuiingiza fremu huwaweka katika hati tupu, na hati hiyo ikishatupwa, wasikilizaji hao hutupwa pamoja nayo bila ujumbe wowote wa kosa. Inafaa basi kusubiri tukio la `load` la fremu, kwa tahadhari kwamba tukio hilo laweza kutokea hata ukurasa wa ndani ukishindwa kupakiwa, na kwa hiyo kutokea kwake si uthibitisho wa mafanikio. Konsoli nayo iwekwe katika hali ya kuhifadhi ujumbe hata baada ya ukurasa kubadilika, la sivyo ujumbe wa hati iliyotangulia unaweza kufutwa kabla haujasomwa.

Mazungumzo: ujumbe kati ya fremu na mwenyeji

Hati za asili tofauti huwasiliana kwa njia ya `postMessage`, ambayo hutuma ujumbe kutoka `window` moja na kuufikisha katika nyingine kama tukio la `message`. Sehemu kubwa ya hitilafu za fremu za malipo, ramani na video hupatikana katika mazungumzo haya, na uchunguzi wake huwa mwepesi ukigawanywa katika hatua tatu: je, ujumbe ulitumwa, je, ulifika, na je, aliyeupokea aliukubali?

Kwa hatua ya kwanza, nukta ya kusitisha iwekwe katika mstari unaoita `postMessage`, na hoja yake ya pili, inayotaja asili ya mpokeaji, isomwe kwa makini. Asili iliyotajwa isipolingana na asili halisi ya hati iliyomo katika fremu wakati huo, kivinjari hakiufikishi ujumbe wala hakirushi kosa ambalo msimbo unaweza kulidaka, bali huacha tu onyo katika konsoli. Kosa jingine la hatua hii ni kujaribu kutuma kitu kisichoweza kunakiliwa, kama fanksheni au elementi ya ukurasa, ambapo kosa la `DataCloneError` hurushwa papo hapo.

Kwa hatua ya pili, konsoli ya Chrome ikiwa imeelekezwa katika muktadha wa mpokeaji, amri ya `monitorEvents(window, 'message')` huandika kila ujumbe unaoingia bila kuhitaji kubadilisha msimbo, na amri ya `getEventListeners(window)` huonyesha kama kweli kuna msikilizaji aliyesajiliwa. Zikikosekana amri hizo, mstari mmoja wa `addEventListener` unaochapisha `event.origin` na `event.data` unatosha katika kivinjari chochote. Mara nyingi hubainika kwamba ujumbe ulitumwa kabla msikilizaji wa upande wa pili hajasajiliwa. Ujumbe wa namna hiyo hausubiri, hupotea. Mpango ulio salama ni fremu yenyewe kutangulia kumjulisha mwenyeji kwamba iko tayari, na mwenyeji kutotuma chochote mpaka apate taarifa hiyo.

Kwa hatua ya tatu, msanidi akague masharti ambayo mpokeaji huyatumia kuukubali au kuukataa ujumbe. Mpokeaji mwema huangalia `event.origin` na kulinganisha na asili anayoitarajia, kwani `window` yoyote inaweza kumtumia ujumbe, na hata viendelezi vya kivinjari hutuma ujumbe wao katika ukurasa. Sharti hilo likiwa limeandikwa vibaya, kwa mfano kwa kuongeza mkwaju mwishoni mwa anwani, kila ujumbe halali utakataliwa kimyakimya. Kuliondoa sharti hilo ili mambo yaende ni kosa kubwa kuliko hitilafu yenyewe, hasa katika fremu za malipo, kwa maana ni sawa na kuyapokea maagizo ya yeyote. Badala yake itumike nukta ya kuandika, ambayo huchapisha thamani katika konsoli bila kuisimamisha programu, na asili iliyopokelewa ilinganishwe na ile iliyotarajiwa.

Fremu isiyopakiwa, na fremu iliyonyimwa uwezo

Wakati mwingine msimbo haukupata hata nafasi ya kukosea, kwa sababu hati yake haikuruhusiwa kuingia katika fremu au iliingia ikiwa imepunguziwa uwezo. Tovuti inaweza kukataa kupachikwa kwa kutuma kichwa cha jibu cha `X-Frame-Options` chenye thamani ya `DENY` au `SAMEORIGIN`, au kwa agizo la `frame-ancestors` katika kichwa cha `Content-Security-Policy`. Dalili yake ni fremu tupu au yenye picha ya kukataliwa, na uthibitisho wake hupatikana katika paneli ya Network kwa kulifungua ombi la hati ya fremu na kusoma vichwa vya jibu lake. Marekebisho yake hufanywa katika seva ya hati inayopachikwa. Hakuna msimbo wa ukurasa mwenyeji unaoweza kuyafanya.

Sifa ya `sandbox` huizungushia fremu uzio kwa kuinyang'anya karibu kila uwezo na kisha kurudisha ule uliotajwa tu. Bila `allow-scripts` hakuna JavaScript inayotekelezwa. Bila `allow-forms` fomu hazitumwi. Bila `allow-same-origin` hati hupewa asili isiyolingana na nyingine yoyote, ambayo katika `event.origin` huonekana kama neno `null`, na jaribio la kutumia `localStorage` hurusha kosa la usalama. Kuziweka `allow-scripts` na `allow-same-origin` pamoja kwa hati yenye asili moja na mwenyeji ni kuubomoa uzio, kwa kuwa msimbo wa ndani utaweza kuiondoa sifa yenyewe. Katika Chrome, paneli ya Application ina sehemu ya fremu inayoonyesha asili na hali ya usalama ya kila fremu, na ni vyema ikasomwa mapema badala ya kubahatisha.

Vidakuzi navyo vimekuwa chanzo kikubwa cha hitilafu zinazoonekana ndani ya fremu tu. Chrome, kuanzia toleo la 80 la Februari 2020, ilianza kukitendea kidakuzi kisichotaja sifa ya `SameSite` kana kwamba kimeandikwa `Lax`, yaani kisitumwe katika fremu ya tovuti nyingine; kinachohitaji kutumwa humo sharti kiandikwe `SameSite=None` pamoja na `Secure`. Mwezi Machi 2020 Safari ilianza kuvizuia kabisa vidakuzi vya tovuti za kando, na mwaka 2023 Chrome, katika toleo la 115, ikaigawa hifadhi kama `localStorage` kwa kufuata ukurasa wa juu, kiasi kwamba fremu moja ikipachikwa katika tovuti mbili hupata hifadhi mbili zisizojuana. Kwa hiyo mtumiaji aliyeingia katika akaunti yake kwenye kichupo kingine anaweza kuonekana mgeni ndani ya fremu, bila msimbo kuwa na kosa lolote.

Kuirudia hitilafu katika mazingira yanayofanana na ya kweli

Kuifungua hati ya fremu peke yake katika kichupo kipya ni jaribio jema la mwanzo, kwa kuwa hubainisha kama hitilafu ni ya hati yenyewe au ya kupachikwa kwake. Hata hivyo jaribio hilo lisichukuliwe kuwa la mwisho, kwani katika kichupo chake hati huwa ndiyo `window.top`, haina uzio wa `sandbox`, vidakuzi vyake si vya tovuti ya kando tena, na `window.parent` huirejelea yenyewe, hivyo ujumbe inaodhani kuutuma kwa mwenyeji huurudia.

Mazingira bora zaidi hujengwa katika kompyuta ya msanidi kwa seva mbili ndogo, ambazo kwa mwenye Python huanzishwa kwa amri za `python -m http.server 8000` na `python -m http.server 8001`, kila moja katika folda yake. Kwa kuwa poti zinatofautiana, hati za seva hizo ni za asili mbili, na mpaka wote ulioelezwa hujitokeza. Izingatiwe tu kwamba vidakuzi havitenganishwi kwa poti, kwa hiyo anayechunguza vidakuzi amfungue mwenyeji kwa `localhost` na fremu kwa `127.0.0.1`, ambazo kivinjari huzihesabu kuwa tovuti tofauti. Faili zinazofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa kanuni zake za asili hazifanani na za tovuti. Na kwa kuwa kurasa nyingi husomwa kwa simu, jaribio likamilishwe kwa kuiunganisha simu ya Android na kompyuta kwa kebo ya USB na kufungua `chrome://inspect`, ambapo fremu za ukurasa uliomo katika simu hukaguliwa kwa zana zile zile.

Itakapobainika kwamba kosa limo katika fremu ya mtoa huduma mwingine, wajibu wa msanidi ni kuliripoti kwa namna inayoweza kufanyiwa kazi: ataje asili ya pande zote mbili, sifa zote za elementi ya `iframe`, aina na toleo la kivinjari, hatua za kulirudia, na ujumbe wa konsoli kama ulivyo bila kuufupisha. Ripoti ya namna hiyo humwonyesha mtoa huduma mahali pa kuanzia, ilhali taarifa kwamba fremu haifanyi kazi humlazimu kuanza upya safari yote.

Utaratibu wa kuuliza mahali, mamlaka, wakati na mazungumzo, kwa mpangilio huo, hauhitaji programu ya kununuliwa wala ujuzi wa siri, na katika hitilafu nyingi jibu hupatikana katika swali la kwanza au la pili. Anayeuruka hulipa gharama ya aina moja ambayo ni mbaya kuliko muda uliopotea: hubadilisha msimbo uliokuwa sahihi, huondoa masharti ya usalama yaliyokuwa yakimlinda mtumiaji, na kuacha nyuma yake programu yenye makosa mapya juu ya kosa la zamani ambalo bado lipo. Kwa hiyo walimu wa programu na viongozi wa timu wanapaswa kuufundisha utaratibu huu tangu mwanafunzi anapopachika fremu yake ya kwanza, ili azoee kuthibitisha msimbo ulipo kabla ya kuuhukumu.